Nyumba Isiyojaa

Juzi nilifika Mbinga mjini jioni, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi, nikaingia gesti ya kwanza niliyoiona. Nilikuwa njiani kwenda Lundo kumwona baba, na gari la kushuka ziwani lilikuwa limeshaondoka. Binti wa mapokezi aliniamkia vizuri, halafu akaniambia vyumba vyote vimejaa, kuna semina mjini. Sijui ulikuwa uchovu au nini, nikajikuta nimemjibu, "Si kila mgeni asogee chumba kimoja mbele? Cha kwanza kitabaki wazi, mimi nilale hapo."

Binti alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. "Sasa yule wa mwisho tumpeleke wapi, mama?"

Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Wewe utaona ni swali la kawaida tu. Lakini mimi niliwahi kulisikia, karibu kwa maneno hayohayo, kutoka kwa mama yangu mzazi, na siku alipoliuliza ndiyo siku tuliyopoteza kwetu. Usiku ule nililala kwa mtawa mmoja ninayefahamiana naye, na usingizi haukuja. Kilichokuja ni gogo la babu.

Kwetu ni upande wa Mbuji, kwenye milima ile ambayo ukiitazama kutoka mbali unadhani mtu ameisuka kama ukili. Ule ususi ni ngolo, mashimo ya kilimo chetu sisi Wamatengo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza mistari ya kukatana, wanawake wanachimba udongo katikati na kuzifunika, na mlima mzima unabaki vishimo vilivyozungukwa na matuta. Mvua inyeshe itakavyo, maji yanatulia shimoni na udongo haukimbii. Maharage ya kwenye ngolo yakiiva, harufu yake jikoni kwa bibi ilikuwa inafika hadi shuleni, nakuapia.

Babu yangu alikuwa na mteremko mmoja mrefu, kuanzia kwenye nyumba yake juu hadi kijito cha chini. Wanawe walijenga kwa mpangilio wa kuzaliwa, mkubwa juu karibu na babu, anayemfuata chini yake, hivyohivyo hadi kwa baba yangu, kitinda mimba. Na mpangilio huohuo ndio uliokaa kwenye sengu. Sengu ni ile baraza ya babu ambako wanaume wa ukoo walikula pamoja chakula kilichotoka katika kila jiko, wakaonywa, wakapatanishwa, wakacheka. Sisi wasichana tulikula na bibi jikoni, mlango ukiwa wazi kuelekea huko, na kwa kuwa bibi alipenda umbea kuliko chumvi, hakuna neno la sengu lililotupita.

Palikuwa na gogo refu walilokalia. Babu mwanzo, baba yangu mwisho. Mgeni akija, hata awe mpita njia, alikaa ubavuni mwa babu, na gogo zima lilisogea. Hakuna aliyeambiwa sogea. Babu alisema tu, "Nafasi ipo," na makalio yote yakahama kwa pamoja. Wageni wakiwa wengi, baba alikuwa anabaki na paja moja juu ya gogo na jingine hewani, bakuli mkononi, anatabasamu. Tulimcheka sana. Na yeye alijicheka.

Miaka hiyo mambo yalikuwa yanageuka. Lori la ushirika lililokuja kubeba kahawa lilianza kuchelewa, kisha likawa haliji, wakaja wanunuzi wenye mizani zao na maneno matamu. Mitumba ikajaa sokoni. Na kutoka huko mbali, kwenye viwanda na mashamba ya mkonge, wakaanza kurudi watu. Neno lilikuwa moja: kupunguzwa. "Fulani amepunguzwa." Mimi nilidhani ni ugonjwa wa kukonda.

Wa kwanza kwetu alikuwa baba mkubwa, mwana wa kwanza kabisa wa babu. Aliondoka kwenda Tanga kwenye mkonge kabla mimi sijazaliwa, na nafasi yake pale juu ilikuwa imeshamezwa na wadogo zake. Akaingia siku moja na mke, watoto, godoro limefungwa kamba, na redio isiyo na betri. Bibi alilia hadi kanga ikalowa. Jioni ile kwenye sengu babu alimkalisha ubavuni mwake, akasema, "Nafasi ipo," na gogo likasogea.

Asubuhi likasogea na shamba. Ndiyo, shamba. Babu hakuona njia nyingine, kwa sababu mkubwa hawezi kukaa chini ya mdogo. Kila mmoja alihama nyumba moja kwenda chini, akaacha ngolo zake na mikahawa yake kwa kaka yake, akachukua za mdogo wake. Baba yangu, wa mwisho, alishuka kwenye kichaka kilichokuwa kimebaki karibu na kijito. Siku kadhaa mlima mzima ulikuwa watu na vyungu na kuku waliofungwa miguu. Ikawezekana! Baba mkubwa akapata mahali pake, na hakuna aliyelala nje.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mwalimu. Huyu alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, ameletwa kufundisha hesabu shuleni kwetu, na kwa kuwa nyumba za walimu zilikuwa zimeanguka alipanga chumba kwa babu. Sisi tulifuga nguruwe, basi bibi alimtengea chungu chake cha maharage na hakuruhusu hata mwiko wa jirani ukiguse. Mwalimu alipoona ule mteremko umesogea alipiga makofi. Jioni akawasimulia kwenye sengu, na mimi jikoni nikaacha kutafuna ili nisikie.

"Mzee," alisema, "wataalamu wa hesabu wana kitendawili chao. Kuna nyumba ya wageni yenye vyumba visivyo na mwisho. Siku moja vyote vimejaa, kila chumba kina mtu. Anakuja mgeni. Mwenye nyumba hamfukuzi. Anasema, wa chumba cha kwanza aende cha pili, wa pili aende cha tatu, na kila mmoja aende kinachofuata. Cha kwanza kinabaki wazi. Nyumba ilikuwa imejaa, na bado nafasi imepatikana."

Babu akacheka, kicheko kile cha kifuani ambacho tulikisikia mara chache. "Kumbe hata Wazungu wana sengu," akasema.

Tangu hapo kitendawili kile kikawa cha babu. Alikisimulia baada ya misa, alikisimulia watu wakizungusha mashine ya kumenya kahawa, alimsimulia hata padri. Nadhani kilimpa kitu ambacho hakukipata mahali pengine miaka ile. Kila alichokijua kilikuwa kinafungwa au kinauzwa, na hapa alikuwa amekuja msomi kutoka mbali kumwambia kwamba njia ya baba zake haina kasoro hata katika hesabu.

Mimi nilikipenda kwa ujinga wangu. Darasani Mwalimu alituambia maajabu zaidi: kwamba kama ngolo za mlimani zisingekuwa na mwisho, basi ukipalilia moja na kuruka moja, ulizopalilia ni nyingi sawasawa na zote. Nusu inalingana na nzima. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniwaka, nikapanda mlimani, nikawa naweka punje ya haragwe kwenye shimo, naruka, naweka, naruka, nikitafuta mahali hasa ambapo nusu inageuka kuwa nzima. Nilifika kwenye kijito. Punje zikaisha na mashimo yakaisha. Mama aliponisikia naeleza alisimama, akashika kiuno. "Mwambie Mwalimu wako aje ayachimbe. Atajua yanaisha au hayaishi."

Mama alikuwa hana muda wa vitendawili. Kule kichakani tulikosogezwa alichimba ngolo mpya, na pembeni akapanda mikahawa. Miche aliibeba kichwani kutoka kitaluni, akaichimbia mashimo, akaifunika kwa majani ya mgomba isiungue na jua. Kahawa, kama hujui, inataka moyo. Unaipanda mwaka huu, mwakani unaipalilia, mwaka mwingine unaikatia, na yenyewe imesimama tu inakutazama. Mama aliikatia na kuisemesha. Alikuwa ameacha mikahawa iliyokomaa kule juu alikotolewa, na hakumlalamikia mtu, lakini hii ya kijitoni alituambia mapema: "Hii ni yangu mimi. Hii siachi."

Ilichanua mwaka ambao baba mkubwa wa pili alirudi. Wewe hujaona kahawa ikichanua? Mlima unakuwa mweupe asubuhi moja, na harufu inakufuata hadi kitandani. Tunda la kwanza lilikuwa limeanza kupiga wekundu tulipoona watu wanashuka njia ya juu na mizigo, na huyu naye kiwanda kilikuwa kimefungwa, naye amepunguzwa, naye ana watoto.

Nilikuwa jikoni kwa bibi. Niliona babu anamsogezea mgeni mahali ubavuni mwake. Nilimwona amenyoosha mgongo, hana wasiwasi hata kidogo, kama mtu aliyekwisha kufanya jambo hili na likafanikiwa. "Nafasi ipo," akasema. Gogo likasogea. Na baba yangu akaanguka.

Hakuanguka vibaya. Alijikuta amechuchumaa chini, bakuli bado mkononi, mchuzi umemmwagikia gotini. Watu wakacheka, kama kawaida. Yeye hakucheka. Alitazama ncha ya gogo, kisha akatazama chini kule kijitoni, na mimi mtoto mdogo nikaelewa anachokiona. Ng'ambo ya kijito ni ardhi ya ukoo mwingine. Hapakuwa na kichaka kilichobaki.

Asubuhi mlima ukaanza kufunga vyungu. Kaka yake baba wa nyumba iliyo juu yetu akashuka na mizigo hadi kwetu, akasimama uani hajui aweke wapi, anaona aibu, anasema tu, "Shemeji, mimi nimeambiwa." Mama alikuwa na jembe mkononi. Alipanda mlima wote peke yake hadi kwa babu, na kwetu si kawaida mkwe kumkabili baba mkwe. Alipiga magoti kwanza, akamwamkia, halafu akauliza: "Baba, kila mmoja amesogea. Sisi wa mwisho tusogee wapi?"

Babu akasema ataongea na wazee wa ng'ambo nao wasogee kidogo. Mama akasema, "Na wao wamerudishiwa watoto, baba. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Sisi wenyeji wagonjwa atatuponya nani?" Kisha akainuka, akashuka.

Jioni ile Mwalimu hakula. Nilimpelekea chungu chake nikamkuta mlangoni kwa babu, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Alikuwa anasema kwa haraka, Kiswahili chake cha Tabora kinajikwaa. "Mzee wangu, nisamehe. Ile nyumba ya wageni ni ya kufikiri tu. Inawezekana kwa sababu haina chumba cha mwisho. Hayupo mtu wa mwisho, ndiyo maana hakuna anayeumia. Huku kwetu duniani kila safu ina mwisho."

"Mwalimu," babu akasema taratibu, "ukoo una mtoto wa mwisho?"

Mwalimu akafungua mdomo.

"Niambie wewe uliyesoma. Ukoo wangu utaishia kwa nani? Ukiwa na mwisho nitajie, nimfukuze huyu aliyerudi, nimwambie mimi na mababu zangu tumefika ukomo."

Mwalimu alibaki ameshika mkono wake mwenyewe. Nilitaka aseme kitu. Nilimwamini kuliko katekista, nilidhani mtu anayejua mambo yasiyo na mwisho hashindwi na kijito. Akapokea chungu kutoka kwangu, akasema asante, akaingia chumbani kwake. Nikarudi jikoni nimejaa hasira, na hasira yenyewe sijui nimwelekezee nani. Babu? Alimpa mwanawe mahali pa kulala. Baba mkubwa? Alirudi kwao. Mwenye kiwanda hata jina lake hatukulijua.

Bibi aliniona. Akanivuta kwenye mafiga, akasema jambo ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima. "Usimwone babu yako hajui kuhesabu. Anajua sana. Amekosa wa kumkataa."

Wazee wa ng'ambo walikuja, wakanywa togwa, wakaeleza kwa upole. Na wao walikuwa wanasogezana. Wa mwisho wao alishakwenda kuomba kwa majirani wa mbele, na wa mwisho wa hao alishashuka mbele zaidi. Yaani mlima mzima, ukoo kwa ukoo, ulikuwa gogo moja, na watu walikuwa wanasukumana kwa heshima kubwa, kila mmoja akisema nafasi ipo, mpaka mwisho wa safu, na mwisho wa safu ulikuwa ziwa. Lisilo budi hutendwa. Baba akaambiwa Lundo kuna ardhi ya muhogo kwa anayeiomba.

Siku ya kuondoka, mama hakuchuma hata punje moja. Kahawa ilikuwa imeiva matawi ya chini, nyekundu, ndege wameanza kuipata. Nilimwambia, "Mama, tuchume basi hata kidogo." Akasema, "Si yetu." Akapita katikati ya mistari yake bila kugusa jani, mzigo kichwani, na sisi nyuma yake. Baba alikuwa mbele sana, hageuki. Mwalimu alisimama njiani, akanipa chaki nzima, kitu cha thamani kwangu siku zile, nami nikaipokea bila kumtazama usoni.

Lundo kulikuwa joto na mchanga na usipa, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juani, na ugali wa muhogo uliokuwa unateleza kooni kabla hujaujua. Nilikuwa na faraja moja. Nilipoliona ziwa kwa mara ya kwanza halikuwa na ng'ambo, maji yameungana na mbingu, nikasema moyoni, hiki sasa ndicho kitu kisicho na mwisho, hapa hatutasogezwa tena. Nilikaa nikilitazama siku nyingi, nikalipenda. Kisha asubuhi moja baada ya mvua hewa ilisafika, nikatoka nje na mswaki mdomoni, na kule mbele ya maji nikaona milima. Milima ya Malawi, ya buluu, na bila shaka ina mashamba yake, na watu wake nao wamekaa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nililia kama mtu aliyefiwa. Mama alidhani nimeumwa na nge.

Na mama, kwa miaka yote aliyoishi Lundo, alilima mahindi, muhogo na karanga. Hakupanda mti. Watu walimletea miche ya miembe na michungwa, alishukuru na kuwapa majirani. Hakupanda tena kitu cha kungojea. Amezikwa kwenye mchanga ule, na kaburi lake halina hata kivuli, kwa sababu kivuli kilipaswa kupandwa na yeye.

Babu alifariki kabla yake. Nilipopita Mbuji safari hii kabla ya kushuka, niliukuta mteremko umejaa nyumba za bati hadi ukingoni mwa kijito. Sengu haipo. Kila nyumba inakula ndani kwake, mlango umefungwa. Niliuliza gogo liko wapi, kijana mmoja, mjukuu wa baba mkubwa nadhani, akaniambia lilipasuliwa kuni kwenye msiba fulani, hakumbuki wa nani. Mikahawa ya mama wameing'oa, bei ilipoanguka, wakapanda mahindi bila ngolo, na mvua inabeba udongo inavyotaka. Wajukuu wengi wameondoka na kuziacha nyumba tupu, wako Songea, wako Dar es Salaam, wamepanga vyumba. Kwa hiyo baada ya kusogezana kote kule, nafasi sasa ipo tele, na hakuna wa kuikalia. Mwalimu sijui aliishia wapi. Ningependa kumwuliza kama hilo nalo lina jina katika hesabu zake.

Nilifika Lundo saa ya chakula. Baba sasa ni mzee, anaishi peke yake, na macho yake hayaoni vizuri tena. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka mkubwa, sahani ya usipa mbele yake, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo, baba." Hakuuliza ni nani. Alisogea. Alibeba sahani yake akasogea kuelekea pembeni, akasogea tena, mpaka mkeka ukamwishia, paja moja likabaki juu ya ukili na jingine mchangani.

"Baba," nikamwambia, "mkeka wote uko wazi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, anatabasamu kuelekea nilikosimama. "Karibu ukae. Nafasi ipo."